Maha wa Bi Mwatima na Mawe ya Barafuni

Miaka ishirini na miwili Bi Mwatima alikaa kaunta ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, Oud Metha, Dubai, na hakuna aliyewahi kumwona akiangusha hata kalamu. Siku ile aliangusha mafaili matatu kwa mpigo, yakatawanyika sakafuni, na hakuinama kuyaokota.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, kiasi cha saa nane mchana. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akingoja kung'olewa gego alichoshwa na habari za bei ya dhahabu, akaomba rimoti. Akabonyeza, akabonyeza, mpaka akatua kwenye chaneli ya michezo. Wanawake wanne walikuwa juu ya barafu. Mmoja alipiga goti akasukuma jiwe la mviringo lenye mkono kama wa birika, na wawili wakakimbia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi ndefu, kama watu waliomwagikiwa na mafuta ukumbini na wageni wako mlangoni.

Carolyne, msaidizi wa daktari, Mkenya wa Kitale, alikuwa akipita na trei ya vyombo. Akasimama.

"Mama Maha, hebu kuja. Huyu dada si ni Maha wako? Ama ni macho yangu?"

Bi Mwatima aliinua kichwa kwa kumridhisha tu. Kamera ilikuwa imemkaribia mmoja wa wale wenye brashi. Kavaa kitambaa cheusi kilichobana kichwa, mashavu yamemwiva, mdomo uko wazi anapiga kelele. Kisha akageuka, na mgongoni pa fulana ya buluu, chini ya neno Scotland, paliandikwa ZAYD.

Zayd ni marehemu mumewe. Na yule ni Maha, mtoto wake wa pekee, ambaye saa hiyo, kwa alivyojua mama yake, alikuwa Dundee, huko Scotland, amevaa koti jeupe akiziba meno ya watu.

"Ni yeye, ama?" Carolyne aliuliza.

"Nyamaza," Bi Mwatima alisema. "Wallahi nyamaza kidogo."

Alisimama pale mpaka matangazo ya biashara yakaingia. Mgonjwa wa gego, ambaye kumbe anaufahamu mchezo, alimweleza kwa upole kwamba unaitwa curling, kwamba hayo ni mashindano ya nchi za Ulaya, kwamba lile jiwe lina uzito wa karibu kilo ishirini, na kwamba kule kusugua barafu ndiko kunakolifanya lifike mbali na linyooke. Bi Mwatima aliitikia kila neno. Hakuna hata moja lililomwingia.

Maha alikuwa amekwenda Scotland akiwa na miaka kumi na tisa. Viza haikuwasumbua, maana Zayd alizaliwa Portsmouth, wazee wake walipokimbilia huko kutoka Unguja, na bintiye akapata pasi ya Uingereza kwa baba yake. Alikwenda kusoma udaktari wa meno. Tangu hapo Bi Mwatima hakuwa na habari nyingine ya kuwapa watu. Pale Al Muraqqabat, mtaani kwao, muuza mabegi wa chini ya jengo lao alijua. Imamu alijua. Dakta Hashir, mwenye kliniki, kila Jumapili alianza siku kwa kuuliza, "Dakta Maha hajambo?" Na Bi Mwatima hujibu, "Hajambo, dakta, kazi tu zimemzidi."

Alasiri ile alipofika nyumbani alipiga simu hata mkoba hajautua begani.

"Mama! Umeniona?" Sauti ya Maha ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Nimepata meseji ya Carolyne. Umeona tulivyoshinda?"

"Nimemwona mtu anadeki barafu. Kavaa jina la baba yako."

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe, mimi ndiye niliyekuzaa. Ninachokuuliza, leo meno ya watu anayatazama nani?"

Upande wa pili zilisikika sauti za wanawake wakicheka, kisha mlango ukafungwa na kicheko kikakatika.

"Mama, mimi si daktari. Sikumaliza. Niliacha mwaka wa tatu."

"Na ile picha ya koti jeupe?"

"Ya kweli. Nafanya kazi kliniki moja, asubuhi tatu kwa wiki. Kazi yenyewe ni kama ya Carolyne hapo kwenu. Mchana niko kwenye ukumbi wa barafu, natengeneza sakafu ya barafu na kucheza. Nilitaka kukwambia, kila Idi nilitaka..."

Bi Mwatima alikata simu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkoba ungali begani, akihesabu. Tangu mwaka wa tatu mpaka leo ilikuwa miaka sita. Miaka sita alikuwa akimwita mtu daktari, na mtu huyo akiitika.

Miezi iliyofuata waliongea kama watu wa idara mbili tofauti. Umeamka? Nimeamka. Baridi? Baridi. Alhamdulillahi. Habari ya mawe hakuna aliyeigusa. Carolyne aliombwa afunge mdomo, akaufunga, ingawa ilimwia vigumu. Na Dakta Hashir akaendelea kuuliza kila Jumapili, na Bi Mwatima, ambaye hapo nyuma alisema uongo bila kujua, sasa akawa anausema huku anajua. "Hajambo, dakta." Usiku na mchana alimwomba Mungu jambo moja tu: mtoto aiache ile barafu, arudi chuoni, mambo yaishe bila mtu kujua.

Aprili, Maha akaja kwa Idi. Alikuwa na mabega mapana kuliko alivyoondoka, na kidole gumba kimoja kimepinda. Mama mtu alimkumbatia uwanja wa ndege akahisi kana kwamba amekumbatia mtoto wa kiume. Siku ya pili ya Idi wakapanda basi kwenda Hatta kwa Maan, kaka yake Bi Mwatima, askari mstaafu anayefuga nyuki huko milimani, mtu mkimya anayependa wageni wale mpaka washindwe kuinuka.

Walikuwa wamekaa mkekani barazani, sinia la biriani katikati, ndipo simu ya Maha ilipoita. Mkono wake ulikuwa umejaa wali, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, na sauti ikatoka kwa wote. Alikuwa Kirsty, kapteni wa timu yao. Walicheza pamoja miaka mitano, wanne hao hao, wakilala chumba kimoja kwenye safari na kugawana soksi.

"Maha, uko sawa? Samahani kukusumbua. Tumekaa sisi watatu jana. Tumeona msimu ujao tubadilishe. Nafasi yako tutampa mtu mwingine. Si kwamba hukufanya vizuri..."

Kirsty aliendelea kuongea. Maha aliutazama mkono wake wenye wali kama mtu aliyekuta mkono wa mwingine umebandikwa kwake.

Bi Mwatima alijua Kiingereza cha kutosha. Katika kaunta ile alikwishawapokea Waingereza, Wahindi na Warusi, na alikwishawaambia wote kwamba daktari anachelewa. Kabla hajajua anafanya nini aliichukua ile simu, kwa mkono wake wa mafuta.

"Huyu ni mama yake Maha," alisema. "Umempa notisi?"

"Samahani?"

"Notisi. Barua. Kwenye kliniki yetu hata anayefagia hupewa siku thelathini. Huyu amefagia mbele ya jiwe lako miaka mitano, nawe unamwambia kwa simu, siku ya sikukuu, chakula kiko mkononi?"

"Sikujua kama ni sikukuu," Kirsty alisema kwa sauti ndogo.

"Miaka mitano! Umelala naye chumba kimoja miaka mitano, hujui sikukuu yake?"

Upande wa pili yule msichana akaanza kulia. Alilia, akaomba radhi, lakini hakulirudisha neno lake. Bi Mwatima akaiweka simu kwenye mkeka. Maan alikuwa amebaki na tonge hewani. Dada yake huyu hakuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku walipomzika Zayd.

Kilichomshtua zaidi Bi Mwatima hakikuwa maneno ya Kirsty. Miezi mitano alikuwa ameomba kitu hiki hiki, mtoto atolewe kwenye barafu, na sasa kimetimia mbele ya macho yake, naye anapigana kukirudisha.

"Kula, mwanangu," alisema.

"Siwezi, mama."

Walirudi mjini. Jumanne iliyofuata ikanyesha ile mvua ambayo Dubai yote haitaisahau. Kufika adhuhuri mtaa wa Al Muraqqabat ulikuwa maji matupu. Mabegi ya yule muuzaji wa chini yalielea yakigongana kama bata. Lifti ikazimwa. Kliniki ikafungwa. Mama na binti wakabaki ghorofa ya nne siku tatu, na mkate, tende na birika la chai, na hakukuwa na mahali pa mmoja kumkimbia mwingine.

Siku ya pili Bi Mwatima aliuliza. Alikuwa dirishani, mgongo kwa binti yake.

"Yalianzaje hayo mawe?"

"Mwaka aliofariki baba," Maha alisema.

Zayd alianguka kazini, kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, akazikwa Al Qusais jioni ile ile. Maha alifika kesho yake. Alikuta nyumba imejaa wanawake, mama yake yuko edani, na kaburi lililokwisha kufukiwa. Akakaa siku sita, akarudi chuoni kwenye mitihani.

"Vitabu nikivifungua sioni kitu, mama. Herufi naziona, maneno siyaoni. Silali. Siku moja mvua ilinikuta njiani, nikaona kundi la bibi vizee wanaingia kwenye jumba kubwa na mafagio. Nikadhani ni watu wa usafi. Nikawafuata nijikinge. Ndani ni barafu tupu, na mawe. Bibi mmoja akanitazama hivi, hakuniuliza jina, hakuniuliza nimetoka wapi wala nina nini. Akanipa brashi. Akaniambia, 'Fagia.' Nikafagia mpaka mikono ikafa ganzi. Siku hiyo ndipo nilipolala mara ya kwanza tangu baba."

Bi Mwatima aligeuka. "Kwa nini hukuniambia hulali?"

"Nilikupigia. Mara nyingi."

"Nami nikasemaje?"

"Ulisema, 'Soma, mwanangu. Baba yako anakutazama.'"

Bi Mwatima alifunika mdomo kwa mtandio. Alikumbuka. Aliyasema maneno yale kila siku, kwa wiki na wiki, akiwa amejifungia chumbani na nguo zake nyeupe, na kila aliposema alidhani anamfariji. Hakuwahi kusikia yalivyoangukia upande wa pili. Kumbe mtoto alikuwa anazama, naye anamtupia mzigo mwingine.

"Nikaona nikishindwa," Maha alisema, "basi baba ananiona nashindwa. Ndiyo nikashindwa kusema."

Huko chini mtu mmoja alikuwa akikokota jokofu dogo juu ya mlango uliong'oka. Wote wawili walimtazama mpaka akapinda kona. Kisha Bi Mwatima akaja kukaa karibu ya binti yake, akamshika kile kidole kilichopinda, akakigeuza huku na huku.

"Hiki nacho?"

"Jiwe lilinibana. Mwaka juzi."

"Na hukuniambia."

"Ningesemaje, mama? Limenibana jino?"

Bi Mwatima alicheka bila kutaka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

Kliniki ilipofunguliwa, kabla ya wagonjwa, Dakta Hashir alimwita ofisini. Alikuwa mchangamfu. Chumba cha tatu, alisema, mashine mpya imefika. Amekaa akafikiri, na haoni mtu anayefaa zaidi ya Dakta Maha. Maadamu yuko hapa kwa Idi, aje waongee.

Bi Mwatima alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejitayarisha kusema kweli, lakini si mbele ya mashine mpya.

"Dakta, Maha si daktari."

"Unasemaje?"

"Aliacha chuo mwaka wa tatu. Mimi nimejua Novemba. Tangu Novemba nimekudanganya mwenyewe, kwa kinywa changu, kila Jumapili."

Dakta Hashir aliivua miwani. Alikuwa bosi mwema, lakini alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kwamba Dakta Maha anakuja. Alimtazama kama anayemtazama mtu aliyemkuta kwenye kiti cha mtu mwingine.

"Mama Maha," alisema mwishowe, "ningemsamehe yeye. Wewe ndiye unayenishangaza."

Hakumfukuza. Chumba cha tatu alipewa daktari mwingine, na ile salamu ya Jumapili ikakoma. Bi Mwatima alirudi kaunta akaendelea na kazi, na Carolyne akamletea chai bila kuulizwa, akamnong'oneza, "Pole, mama. Hiyo ilikuwa ngumu, na umeimaliza." Muuza mabegi alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Imamu alisema tu kwamba kazi ya halali ni ya halali. Lakini wako waliosema mengine, na Bi Mwatima aliyasikia yote, kwa sababu Al Muraqqabat kuta ni nyembamba.

Maha alirudi Dundee Mei. Alizunguka miezi miwili bila timu. Kisha akachukuliwa na wanawake watatu wa mji mdogo: mmoja dereva wa basi, mmoja mwalimu mwenye wajukuu, mmoja mfuga kondoo. Hakuna aliyewahi kuonekana kwenye televisheni. Walifanya mazoezi alfajiri, kabla dereva hajaingia zamu. Wakapita mchujo kwa tundu la sindano, wakaingia ubingwa wa Scotland.

Februari, Bi Mwatima akachukua likizo yake ya mwaka akaenda Perth kwenye mashindano hayo.

Baridi ilimpiga mlangoni pa ndege kama kofi. Alidhani ndani ya ukumbi kutakuwa na joto. Ndani kulikuwa na baridi zaidi. Halafu ile ngurumo. Televisheni haikumwambia kwamba mawe yale yananguruma, kwamba yanapopita barafuni unayasikia chini ya kiti. Alikaa amejifunika shali mbili na koti la mwalimu, akitazama watu wazima wakibishana kwa makini juu ya upana wa kidole.

Mechi ya tatu walikutana na timu ya Kirsty. Kirsty mwenyewe alikuwa mwembamba, mdogo kuliko sauti yake, na alipomwona Bi Mwatima kwenye viti alisimama kidogo, akainamisha kichwa. Bi Mwatima hakujua afanye nini, akainamisha chake.

Mpaka raundi ya saba walikuwa sawa, nne kwa nne. Mfuga kondoo akasukuma jiwe zuri, lililonyooka, na Maha na dereva wakakimbia nalo wakisugua. Ukumbi ulikuwa umetulia. Bi Mwatima alikuwa amekwisha kujifunza kiasi cha kujua kwamba jiwe hili likifika kwenye duara lililochorwa mwisho wa barafu, mambo yao mazuri. Lilikuwa nusu ya njia, linakwenda vizuri kabisa, Maha alipoacha kusugua ghafla. Akasimama wima. Akanyoosha mkono juu.

"Nimeligusa," alisema.

Dereva alimtazama. Kirsty alimtazama. Msimamizi aliyekaa ukingoni hakuwa ameona kitu. Wala kamera, wala mtu yeyote kwenye viti vile. Ncha ya brashi ilikuwa imelipapasa jiwe, basi. Maha akalizuia kwa brashi ile ile, akaliondoa uwanjani, maana sheria ni kwamba jiwe likiguswa na brashi halihesabiwi. Hakuna aliyelalamika. Mchezo ukaendelea. Walifungwa saba kwa nne.

Baada ya mechi wakakaa wote wanane meza moja, kwa sababu huko walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji. Kirsty alimletea Bi Mwatima chai na vipakiti vinne vya sukari pembeni. Waliongea habari ya safari na ya mvua. Haikuwa rahisi, na haikuwa ndefu. Maha alikuwa akicheka na Kirsty kitu fulani cha zamani, kicheko cha kweli, na mama yake alimtazama asiamini.

Maha na wenzake walimaliza wa saba kati ya timu kumi. Dereva alikuwa na zamu Jumatatu, mwalimu ana darasa, na Maha alikuwa na barafu ya kutengeneza. Walikwisha kuandikisha timu yao kwa msimu ujao.

Kwenye treni ya kurudi Dundee ndipo Bi Mwatima alipopata nafasi.

"Lile jiwe. Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Hakuna, mama. Liliguswa hivi tu." Maha alipitisha ncha ya kidole juu ya mkono wa mama yake, kidogo mno hata Bi Mwatima hakuwa na uhakika kama ameguswa.

"Basi kwa nini ulisema? Mngeshinda."

Maha alimgeukia. Ilikuwa wazi kwamba hakulielewa swali.

"Si nililigusa?"

Treni ilisimama stesheni moja, watu wakashuka, wengine wakapanda, ikaondoka tena, na Bi Mwatima bado alikuwa akimtazama mwanawe, aliyemficha habari za chuo miaka sita na hakuweza kuficha mguso ambao hakuna aliyeuona.